Joto la nyumba ya kupanga ni deni la mwenye nyumba

Serikali ilipoanza kukusanya kodi ya majengo kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU mwaka 2021, wapangaji wengi walilalamika, tena kwa haki: kodi ya mwenye nyumba ilikuwa ikikatwa kwenye umeme wa mtu asiyemiliki hata tofali. Wakaambiwa wapatane na wenye nyumba ili fedha hizo zipunguzwe kwenye pango. Lakini ipo gharama nyingine, mara nyingi kubwa kuliko ile shilingi 1,000 ya mwezi iliyoanza kukatwa wakati ule, ambayo mpangaji wa nyumba kuukuu ya Dar es Salaam huilipa kwa njia hiyohiyo na hakuna anayeisemea. Ni gharama ya joto linaloshuka kutoka kwenye bati lililochakaa na kupita kwenye dari iliyotoboka, kama dari ipo. Feni inazunguka usiku kucha kufidia kasoro ya jengo, na anayenunua uniti siye mwenye jengo.

Chukua nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati, mita moja ya umeme. Feni ya wati 70 ikiwashwa saa 10 kila siku hula uniti 21 kwa mwezi, kwa hiyo feni sita hula 126. Mteja mdogo wa TANESCO asiyezidisha uniti 75 kwa mwezi hununua uniti kwa shilingi 100 kabla ya kodi na tozo. Akihamishiwa kundi la kawaida, bei inakuwa 292. Kabla mtu hajachomeka friji wala pasi, feni peke yake zimeshawatoa wote kwenye bei nafuu, ambayo kila mpangaji angeistahili kama angekuwa na mita yake. Wanaogombana uani kila umeme unapokatika, nani ana friji na nani anapiga pasi kila siku, wanagombania matokeo. Chanzo ni paa na mita, na vyote viwili viko mikononi mwa mwenye nyumba.

Dawa yenyewe haina maajabu. Bati lenye kutu hufyonza jua kutwa nzima. Likisuguliwa na kupakwa rangi nyeupe ya bati, hurudisha sehemu kubwa ya jua hilo angani, ingawa vumbi la mjini litadai lioshwe na kupakwa upya baada ya miaka kadhaa. Dari nzima, yenye upenyo wa hewa moto kutokea juu yake, ndiyo inayofuata. Kisha mita, ikiwezekana moja kwa kila mpangaji. Ninachokiona kikifanyika badala yake ni ukarabati wa kupendezesha: matundu ya hewa yanazibwa, madirisha ya zamani yaliyofunguka yote yanang'olewa, yanawekwa ya alumini ya kusukuma ambayo hufunguka nusu tu. Nyumba inapendeza kwa mpita njia na kuwa tanuri kwa anayelala ndani, halafu mpangaji anashauriwa anunue kiyoyozi.

Wapo watakaosema mtumiaji wa umeme ndiye abebe mzigo wake. Sawa kwa friji na pasi, ila hakuna mwenye akili atakayepaka rangi paa la mtu mwingine wakati mkataba wake ni wa miezi sita. Wenye nyumba watasema hawana mtaji, na hapo nashangaa kidogo, maana wengi wao hupokea pango la miezi sita au mwaka mzima mbele; ni wafanyabiashara wachache wanaokopeshwa na wateja wao bila riba namna hiyo. Hoja nzito ni ya tatu: nyumba ikiboreshwa, pango litapanda na mnyonge atahama. Hofu hiyo ni ya kweli, na ndiyo sababu masharti yaandikwe mapema. Mkataba unapohuishwa, mwenye nyumba aahidi paa na dari, mpangaji akubali nyongeza isiyozidi kile anachookoa kwenye umeme, na risiti za LUKU za miezi ya joto, Desemba hadi Machi, kabla na baada ya ukarabati, ziwe ndizo kipimo cha nyongeza hiyo.