Tulimwona Kuku

Ukikaa na watu wanaojiona wajuzi wa sinema utawasikia wakitaja vipande vile vile. Watataja kichwa cha farasi kitandani katika The Godfather ya mwaka 1972. Watataja mwanamke anayechomwa kisu bafuni katika Psycho ya 1960, na wapenzi wawili waliosimama kwenye ncha ya meli katika Titanic ya 1997. Sina ugomvi na vipande hivyo. Hicho cha Titanic nilikiona katika banda la video hapa Dodoma mjini, na mwenye banda alikirudisha nyuma kwa ombi letu, nami nikiwa mmoja wa walioomba. Ugomvi wangu ni na imani iliyojificha nyuma ya orodha hizo, kwamba kipande bora ni kile alichokikusudia mtengenezaji, na kwamba kazi yetu watazamaji ni kukimeza kama mtoto anavyonyweshwa dawa.

Mimi kipande changu cha kwanza hakimo katika orodha ya mtu yeyote. Ilikuwa katika miaka ya 1960, kijijini kwetu upande wa Mpwapwa. Gari la sinema lilifika jioni, shuka jeupe likatundikwa kwenye ukuta wa shule, jenereta ikaanza kunguruma, nasi watoto tukakaa mbele kabisa kwenye vumbi. Picha ilihusu uchimbaji wa vyoo. Bwana Afya, amevaa kaptula iliyopigwa pasi, alionyesha shimo liwe na kina gani, kisha akaonyesha tena, na tena. Nyuma yake, kwa kitambo kifupi tu, alipita mwanamke mwenye sahani ya bati. Akaisuuza, akamwaga maji chini, akaingia ndani.

Kesho yake kijiji kizima kilizungumza juu ya yale maji. Yanamwagwaje? Kwa nini asimpe mbuzi? Kwao kuna mto nyuma ya nyumba? Mama yangu, ambaye alfajiri ile alikuwa ametoka kisimani na mtungi ambao haukujaa, alisema yule mwanamke hakulelewa. Ofisa aliyekuja na gari alikasirika sana. Alituambia sisi watu wa huku hatufundishiki: ametuletea choo, sisi tumeona sahani.

Miaka mingi baadaye, nikiwa tayari mwalimu, nilisoma kisa kinachofanana na hicho, nikajua kwamba hasira ya ofisa yule ilikuwa na ukoo mrefu. Mwaka 1961 msomi mmoja wa London, John Wilson, alieleza jinsi wanakijiji wa Kiafrika walivyoonyeshwa picha ya Bwana Afya akiondoa maji yaliyotuama na kuokota makopo. Walipoulizwa wameona nini, walijibu upesi: kuku. Waliotengeneza picha hawakujua kwamba ndani yake mlikuwa na kuku. Ikabidi waikague kipande kwa kipande, wakamkuta kweli, pembeni kwa chini, akiruka kwa muda wa sekunde moja hivi. Mwaka uliofuata Marshall McLuhan wa Kanada alikitia kisa hicho katika kitabu chake The Gutenberg Galaxy, kiwe ushahidi kwamba asiyejua kusoma hawezi kuitazama picha nzima.

Hebu tukipime kisa hiki kwa haki. Kuku alikuwemo. Wanakijiji walimwona kwa kutazama mara moja. Wataalamu walioipiga picha ile, wakaikata na kuiunganisha, hawakumwona hata siku moja. Kisha hukumu ikatolewa kwamba asiyejua kutazama ni mwanakijiji! Kama hakimu wa baraza letu angeamua kesi namna hiyo, tungemtafutia mrithi kabla jua halijazama.

Na haya hayakuwa maneno ya vitabuni tu. Kitengo cha Sinema cha Makoloni, kilichoanzishwa mwaka 1939, kilishikilia kwamba picha za Waafrika ziende polepole na zisiwe na mambo mengi, tusije tukachanganyikiwa. Ndiyo maana Bwana Afya wetu alilionyesha lile shimo mara tatu.

Lakini tulipokwenda mjini na kulipa kiingilio kwa hela zetu wenyewe, hatukuchanganyikiwa na chochote. Tulitazama picha za Kihindi za saa tatu, katika lugha tusiyoijua, tukatoka tukisimuliana kisa chote hadi nyumbani. Baadhi ya walimu wenzangu wa miaka ya 1970 waliziita picha hizo kasumba. Mimi nawajibu kwa Mother India ya 1957. Mafuriko yameharibu mazao, watoto wana njaa, na Radha, amejaa matope mwili mzima, anakwenda kwa mkopeshaji Sukhilala kuomba chakula, naye anajua atadaiwa nini. Nilimsimulia bibi yangu kipande hicho. Bibi alikuwa mtoto wakati wa Mtunya, ile njaa iliyoipiga Ugogo kuanzia 1917 hadi 1920, watu walipowaweka ndugu zao rehani ili wapate nafaka. Alinyamaza kwanza, kisha akasema, "Huyo mzee namjua, mjukuu wangu. Jina lake tu ndilo tofauti." Je, hiyo ni kasumba?

Kisha kuna Guide ya 1965. Dev Anand ni Raju, mtu mwongo mwongo aliyepata kufungwa kwa kughushi saini, ambaye wanakijiji wanamdhania kuwa mtawa. Ukame unaingia. Watu wanaamini kwamba akifunga siku kumi na mbili mvua itanyesha, na yeye, kwa kuona aibu kuwakatalia, anafunga kweli. Mwisho mvua inanyesha, naye anakufa. Wajuzi huniambia kwamba uzuri wa picha ile ni ngoma za Waheeda Rehman. Inawezekana. Ila sisi tuliokaa katika jumba lile la Dodoma tulikuwa watu wa msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili, milimita 550 au 600 kwa mwaka mwema. Matone ya kwanza yalipogonga vumbi hakuna aliyepiga mluzi. Mzee mmoja aliyekuwa mbele yangu alivua kofia, akaiweka magotini. Nikiulizwa kipande ninachokipenda kuliko vyote hutaja kile, na katika kumbukumbu yangu ile kofia imo ndani ya picha.

Siku hizi gari la jenereta halipo, lakini magari ya miradi yapo. Si zamani lilikuja moja kijijini kwetu na mashine ndogo ya kuonyeshea picha, likaonyesha jinsi ya kunawa mikono kwa sabuni. Nilikaa nyuma na wazee wenzangu. Ilipokwisha, kijana mwenye karatasi aliuliza kama tumeelewa, watu wakaitikia ndiyo, akaandika. Hakuuliza tumeona nini. Asubuhi nilimwuliza mjukuu wangu, wa darasa la pili.

"Babu," akasema, "yule mtoto aliyekuwa ananawa, viatu vyake havikuwa pacha. Kimoja kilikuwa cha mtu mkubwa."