Jeraha la Moyo Lisifunikwe

Ndugu msomaji, ukikatwa na panga mguuni, hufuniki jeraha kwa kitambaa na kusema, "Nimekwisha kusahau." Unakuja lisafishwe, maana jeraha linalofunga juu huku usaha umebaki ndani huoza. Kwa nini basi jeraha la moyo tunalitendea vingine?

Mauaji ya Beni yalianza mwezi wa Oktoba 2014. Mwezi wa Juni 2024 vita ilifika Kanyabayonga, na watu wengi wa Lubero wakakimbia. Tazama jirani yako. Usiku anaamka akipiga kelele. Mlango ukifungwa kwa nguvu, anaruka kama amesikia bunduki. Shamba lake hataki tena kuliona. Sisi tunamwambia, "Sahau tu." Wengine wanasema wafu wanamsumbua, wanampeleka kwa mfumu. Mimi nasema: huyu ni mgonjwa, na ugonjwa wake una matibabu.

Matibabu mamoja hutumia macho. Yalianzishwa na Francine Shapiro wa Marekani. Mwaka wa 1987, akitembea, alitambua kwamba mawazo yake mazito yalipungua macho yalipokwenda huku na huku. Mwaka wa 1989 akatangaza majaribio yake. Kazi yenyewe ni hivi: kwanza mgonjwa hufundishwa namna ya kutuliza moyo. Kisha hukumbuka sehemu moja ya jambo lile baya, huku macho yake yakifuata vidole vya mtabibu vinavyokwenda kushoto na kuume, kwa nusu dakika hivi. Wanapumzika, anasema lililomjia, wanaanza tena. Halazimishwi kusimulia yote. Polepole makali yanapungua. Jambo analikumbuka, lakini halimshiki tena koo. Mwaka wa 2013 Shirika la Afya Ulimwenguni lilikubali njia hii kwa wakubwa na kwa watoto.

Labda utasema, "Vidole mbele ya macho! Huu ni uchawi." Sivyo. Hakuna hirizi wala neno la siri. Mgonjwa hapigwi usingizi. Aweza kusema "acha" saa yoyote. Wataalamu wengine hufikiri kwamba akili haiwezi kushika mambo mawili kwa nguvu moja, kwa hiyo picha ile mbaya hulegea. Wengine hubisha, wakisema kinachoponya ni kule kukumbuka mahali penye usalama. Wabishane, wagonjwa wengi wamepata nafuu.

Mwingine atasema, "Mwenye imani huomba tu." Lakini malaria ikikushika, unaomba na unameza dawa pia. Hakuna anayekuita mpungufu wa imani.

Jambo moja ulishike sana: usijaribu kazi hii nyumbani. Kufungua jeraha kwa mikono isiyofundishwa ni hatari. Tena, aliye bado mbioni apate kwanza mahali pa kulala, chakula, na watu wake karibu naye.

Basi, wazee wa kanisa, mjane akilia mbele yenu msimnyamazishe, wala msimlazimishe kusema. Ketini naye. Kisha mmoja wenu amsindikize hospitalini, akamwulize mwuguzi ni nani aliyefundishwa kutibu majeraha ya moyo. Watu hao ni wachache, na pengine njia ni ndefu. Mguu uliooza tungeubeba kwa machela. Na huyu tumbebe.