Ujira wa Fundi Uandikwe Ndani ya Zabuni: Barua ya Wazi kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma

Kwa Mkurugenzi Mkuu, Dodoma.

Serikali inapotangaza zabuni ya barabara au zahanati, wazabuni wote hununua saruji na nondo kwa bei zinazokaribiana, hivyo anayetaka kushinda kwa bei ya chini huona wepesi zaidi kukata malipo ya mafundi na vibarua. Hatari hiyo ndiyo iliyokusudiwa kuzuiwa na Mkataba Namba 94 wa Shirika la Kazi Duniani wa 1949, ulioridhiwa na Tanganyika 1962, unaotaka mikataba ya kazi za umma iwe na kifungu cha kazi, yaani sharti linalomfunga mkandarasi, pamoja na wakandarasi wadogo walio chini yake, kulipa ujira usiopungua ule wa kazi ya aina hiyo katika eneo husika.

Sharti lisilo na tarakimu, hata hivyo, halimsaidii mtu. Amri ya Mishahara ya 2013 ilipanga kima cha chini cha ujenzi kwa daraja la mkandarasi, Sh 325,000 kwa mwezi kwa daraja la kwanza na Sh 250,000 kwa daraja la tano hadi la saba. Na ingawa viwango vimepanda tangu hapo, mpangilio wa namna hiyo una dosari kubwa, kwa kuwa kima cha mfunga nondo hushuka kazi inapokabidhiwa mkandarasi wa daraja la chini, ilhali nondo ni zilezile na nguzo ni ileile.

Nchini Marekani, chini ya sheria ya Davis-Bacon ya 1931, Wizara ya Kazi hutangaza ujira wa kila fani kwa kila eneo, na mkandarasi wa mradi wa serikali kuu unaozidi dola 2,000 huwasilisha orodha ya malipo kila wiki. Takwimu zake huchakaa zisipohuishwa, lakini fundi huijua haki yake kabla ya kushika koleo.

Mamlaka inaombwa kuambatisha katika kila zabuni jedwali la ujira kwa fani na kwa mkoa, litakaloandaliwa pamoja na wizara yenye dhamana ya kazi na vyama vya wafanyakazi. Gharama za baadhi ya miradi zitapanda, na ni haki zipande, maana nafuu ya sasa hulipwa na saidia fundi. Lakini wazabuni wote wakifungwa na jedwali moja, watashindana kwa ustadi na usimamizi wa vifaa. Aidha, hati ya malipo ya mkandarasi isiidhinishwe kabla hajawasilisha orodha ya malipo iliyosainiwa na wafanyakazi wote, wakiwemo wa kutwa na wale wa wakandarasi wadogo.