Paka wa Sokoke si mgeni: Jinsi ya kumchagua na kumtunza hata plotini

Wengi wetu mjini tukisikia habari za paka wa nasaba, yaani paka mwenye cheti cha ukoo wake, humuwazia paka wa Kiajemi mwenye manyoya marefu akilalia mto katika jumba la kifahari la Muthaiga. Basi huenda utashangaa kuambiwa kwamba miongoni mwa paka wanaosajiliwa na kushindanishwa huko Ulaya, yumo mmoja aliyetoka hapa kwetu Kenya. Huyo ni paka wa Sokoke.

Jina lake limetokana na Msitu wa Arabuko-Sokoke, ulio kati ya Kilifi na Malindi. Wagiriama wanaoishi kando ya msitu huo walimjua paka huyu kabla ya mgeni yeyote kumwandika kitabuni. Jina lao kwake ni khadzonzo, ambalo husemwa kuwa na maana ya mnyama anayefanana na gome la mti. Ukimwona hutabisha. Manyoya yake ni mafupi, ya kahawia, yenye madoa makubwa yaliyozungukana kama mafundo ya mbao iliyopasuliwa.

Mnamo 1978, Jeni Slater, aliyekuwa na shamba la minazi karibu na Watamu, aliwakuta watoto wa paka hao shambani mwake akaanza kuwafuga. Rafiki yake kutoka Denmark, Gloria Moeldrup, aliwapeleka baadhi yao kwao mapema miaka ya 1980. Mwaka 1993, shirikisho la wafugaji paka liitwalo FIFe likamtambua rasmi kuwa aina kamili.

Kwa muda watu walidhani kwamba huyu ni mnyama wa mwituni. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha vingine: ni paka wa nyumbani, jamaa ya paka wa kawaida wa Pwani yetu. Kwa maneno mengine, ndugu zake ni wale wanaozurura sokoni Malindi na katika vichochoro vya Lamu. Kilichompandisha hadhi huko Ulaya ni watu kumchagua kwa makini, kuandika ukoo wake na kumtunza. Mambo mawili kati ya hayo, kuchagua na kutunza, yanawezekana Kibera na Kawangware pia.

Tabia zake

Paka wa Sokoke ni mwembamba, mwenye miguu mirefu, na miguu yake ya nyuma humfanya atembee kama anayenyata kwa ncha za vidole. Ni mchangamfu kupita kiasi. Hupanda, huruka, huchungulia kila chungu, na humzoea sana mwenye nyumba. Ukitaka paka wa kukaa kitako kama pambo la kabati, huyu si wako.

Isitoshe, manyoya yake ni membamba na baridi humsumbua. Kwa hivyo, katika baridi ya Nairobi ya mwezi wa Julai, paka wa aina hii, au paka yeyote mwenye manyoya mafupi anayeishi chini ya mabati, anahitaji sanduku lililotandikwa blanketi kuukuu, mbali na mlango.

Usiuziwe mbuzi kwenye gunia

Paka wa Sokoke mwenye cheti ni adimu duniani kote. Mtu akikuletea kitoto chenye madoa barabarani akadai ni Sokoke halisi, mwombe karatasi za ukoo wake. Kama hana, usilipe bei ya nasaba. Jihadhari zaidi na mtu anayeuza mtoto wa mondo au wa paka-mwitu. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inakataza kumweka mnyama wa mwituni bila kibali, na akikua hutamweza.

Lakini iwapo unachotaka ni paka mchangamfu mwenye sura ya kuvutia, huna haja ya kwenda mbali. Shirika la KSPCA, lililoko Karen, huwapa watu paka waliookolewa. Hali kadhalika, katika ploti yoyote hakosi paka aliyezaa.

Mchukue mtoto akiwa na umri wa wiki 8 hadi 12, si kabla ya hapo. Mtazame macho: yawe maangavu, yasiyo na tongo. Masikio yawe safi na pua isitoe kamasi. Chini ya mkia pasiwe na dalili za kuhara. Tumbo lililofura huku mbavu zikionekana aghalabu ni minyoo. Kisha buruta uzi sakafuni. Anayeurukia ni mzima na mchangamfu. Anayejikunyata pembeni huenda ni mgonjwa au ni mwoga.

Chakula chake

Wengi hudhani kwamba ugali na maziwa vinamtosha paka. Sivyo. Paka ni mla nyama. Mwili wake unahitaji taurini, kirutubisho kilichomo katika nyama na samaki, na akiikosa kwa muda mrefu hupofuka au moyo wake hudhoofika. Omena zilizochemshwa bila chumvi, matumbo, maini kidogo na vichwa vya samaki vitamfaa. Mgongo wazi pia ni mzuri, mradi umchambulie nyama na kuondoa miiba. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vikali, usimpe. Usimpe pia chakula chenye kitunguu, kwani humharibu damu. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha paka wengi wakubwa. Maji safi ndiyo kinywaji chake.

Na akiugua, usimpe dawa ya watu. Kidonge kimoja tu cha Panadol kinaweza kumuua.

Nafasi na usafi

Utauliza, atachezea wapi katika chumba cha futi kumi kwa kumi? Paka huhesabu pia nafasi ya juu. Rafu moja karibu na dari, kipande cha gunia kilichofungwa kwenye mguu wa meza ili anoe kucha, na mpira wa soksi kuukuu, vitamtosha kwa mazoezi. Mwekee karai lenye mchanga au unga wa mbao kutoka kwa seremala. Uchafu huo uondolewe kila siku, na mama mjamzito asiuguse, kwani unaweza kubeba vijidudu vinavyomdhuru mtoto tumboni.

Chanjo na uzazi

Kichaa cha mbwa humpata paka pia. Apate chanjo akiwa na miezi mitatu, kisha arudiwe kama daktari wa mifugo atakavyoelekeza. Wakazi wa Kawangware wako karibu na kitivo cha mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete, chenye kliniki ya wanyama. Mtoto akiumwa na paka au mbwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mkimbize hospitalini siku hiyo hiyo.

Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano, na huzaa baada ya takriban wiki tisa. Basi hebu piga hesabu ya ploti itakavyokuwa mwaka ukiisha! Mfunge kizazi mapema, na dume umhasi. Dume aliyehasiwa hapigani ovyo wala hazururi sana usiku.

Sumu ya panya

Nimeiweka hii mwisho kwa sababu ndiyo nzito zaidi. Mitaani kwetu panya si mzaha: hutoboa magunia ya unga na hata kuwauma watoto wakiwa usingizini. Watu hununua sumu kwa wachuuzi na kuitawanya uvunguni. Panya aliyekula sumu hupepesuka, paka humkamata kwa urahisi na kumla, naye huweza kufa. Wiki chache baadaye panya wamerejea, na aliyekuwa akiwafukuza hayupo. Wahenga walisema, paka akiondoka, panya hutawala. Tena sumu hiyo hiyo inaweza kuokotwa na mtoto anayetambaa.

Kwa hivyo, kabla ya kumleta paka, zungumza na majirani wa ploti nzima. Kubalianeni kuacha sumu, kutumia mitego, kufunika unga na kutomwaga takataka mlangoni. Kama jirani hataki kusikia, ni heri ungoje.

Nawe mwanafunzi uliyepanga chumba, fikiria likizo. Paka anayetunzwa vyema huweza kuishi miaka 12 hadi 15 au zaidi. Nani atamlisha ukienda mashambani Desemba? Ukiwa na jibu la swali hilo, na majirani wakikubali, mlete. Awe na cheti cha Ulaya au awe mzaliwa wa Gatwekera, omena ni zile zile na chanjo ni ile ile.