Ukwapi Bila Utao: Nani Hasa Mhariri wa Gazeti la Wanafunzi?

Babu ni mwizi wa ng'ombe, wasemavyo mahasidi.

Hesabuni mizani, enyi wapenzi wa arudhi: ni 16, 8 kwa 8. Mshororo huo ulitungwa na mwanafunzi wa kidato cha pili, kijana wa hapa Kolo, katika shairi la kumtetea babu yake aliyesingiziwa. Katika kila mshororo, ukwapi ulibeba uzushi na utao ukauvunja. Kwa umri wake, ile ilikuwa kazi ya fundi. Mimi nilikuwa mlezi wa gazeti la shule, umebaki mwaka mmoja nistaafu, na ni kwa mkono wangu shairi hilo lilitoka likiwa nusu.

Gazeti letu kwa miaka mingi lilikuwa la ukutani: karatasi, gundi, mwandiko mzuri wa wasichana wawili au watatu, na wasomaji waliosimama jua likiwachoma. Baadaye tukapata simu moja. Kwa kuwa wanafunzi hawakuruhusiwa kuwa na simu, ilikaa katika saraka ya meza yangu, na nywila niliijua peke yangu. Mhariri mkuu alikuwa binti wa kidato cha tatu, mpole wa sauti na mgumu wa kalamu. Shairi lilipokwisha kurekodiwa lilizidi dakika mbili, na wakati ule status ya WhatsApp ilipokea video ya nusu dakika tu. Binti akaniambia, "Mwalimu, tungoje hadi kesho. Tulikate kwa beti, tusilikate kwa saa." Nikamjibu kuwa wazazi wanasubiri. Nikabonyeza.

Kipande cha kwanza kilikoma penye neno "ng'ombe". Vipande vilivyofuata vilikuwapo, lakini watu walisambaza hicho kimoja. Kabla ya magharibi kilikuwa kimefika nyumbani kwa mzee.

Nilikwenda kesho yake. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kunitazama. Kisha akauliza, "Mwalimu, mjukuu wangu amekosea, au ninyi?" Nikamwambia ni mimi. Sina hakika kama aliniamini, kwa sababu wakati huohuo, pale shuleni, binti yule alikuwa amekwisha kubandika ukutani taarifa ya kuomba radhi kwa jina lake mwenyewe. Nilipomuuliza kwa nini hakunitaja, alisema gazeti ni lake. Niliona haya. Nilikuwa nimemnyang'anya kiti, nikamwachia lawama.

Nimekuwa nikisoma humu na kwingineko kwamba katika zama hizi za medianuwai kila mwenye simu ni mhariri. Sikubali. Kila mwenye simu ni mchapishaji. Mhariri ni yule awezaye kusema "bado" na likawa bado. Kwa kipimo hicho, shule zetu nyingi zina wahariri wa jina tu. Mwanafunzi anapewa cheo na beji, mwalimu anabaki na nywila, na mwenye nywila ndiye mhariri. Rai yangu, nayo imewaudhi baadhi ya walimu wenzangu, ni kwamba nywila akabidhiwe mwanafunzi. Mlezi asome, ashauri, akemee ikibidi, lakini kidole cha kubonyeza kisiwe chake.

Hofu ya wakuu wa shule naifahamu, na si ya bure. Tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, tuna kanuni za maudhui ya mtandaoni tangu 2018, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Wanauliza: mtoto akikosea, nani atajibu? Nami nauliza: pale kwetu aliyekosea alikuwa nani? Aliyeiona hatari alikuwa na miaka 16 au 17, na aliyemzidi nguvu alikuwa na cheti cha ualimu.

Wako wanafunzi waliowahi kulibeba jukumu hili lote. Mwaka 1969, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Karim Hirji na wenzake walianzisha jarida la Cheche. Lilipigwa taipu kwenye stensili na kurudufiwa kwa mashine, kazi ya kuchosha mikono. Walter Rodney aliandika humo, na humo ndimo uchambuzi wa Issa Shivji juu ya mapambano ya kitabaka nchini ulipotolewa mwaka 1970. Mwaka huohuo serikali ikalipiga marufuku. Wale vijana walijua kila ukurasa una bei, na ugumu wenyewe wa mashine uliwapa muda wa kusoma tena. (Ninalo dukuduku moja nao: jina Kiswahili, maandishi karibu yote Kiingereza.) Mhariri wa leo hana stensili ya kumchelewesha. Ucheleweshaji huo inabidi autoe kifuani mwake, mbele ya mwalimu aliyekwisha kushika simu.

Hapa nanyi washairi mnahusika kuliko mnavyodhani. Mambo Leo, lililoanza 1923, liliwazoesha watunzi wetu ukurasa wa gazeti. Lakini kabla ya ukurasa shairi lilikuwa koo, lilikuwa mahadhi. Gazeti lenye sauti linaturudisha nyumbani, basi tulihariri kwa sheria za nyumbani. Video ya shairi ikatwe penye kituo cha ubeti. Mghani ajisikilize kwanza, kisha ndipo aulizwe kama anaridhia. Manukuu ya chini ya picha yaandikwe Kiswahili sanifu bila kuigiza lafudhi ya Kirangi ya msemaji ili watu wacheke. Nimeona mzaha huo mara nyingi, na ni ushenzi. Na rekodi nzima ihifadhiwe, maana ndiyo ushahidi pekee siku kipande kitakapozua balaa. Upepo wa hapa Kolo nao ni adui: vina viwili vya kijana yule vilimezwa na upepo, na hilo pia nililipuuza.

Wageni huja hapa kuangalia michoro ya miambani, iliyoingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2006. Katika miamba ya Mongomi mchoro mmoja umelala juu ya mwingine, na jicho makini bado linamwona mnyama wa chini. Radhi za binti yule nazo zilibandikwa ubavuni mwa shairi zima, alilolinakili kwa mkono, beti zote, na zikakaa ukutani hadi muhula ukaisha. Mimi niliifuta video siku ileile. Miezi mitatu baadaye nilioneshwa kile kipande Kondoa mjini na mtu asiyejua kuwa nakifahamu.

Shule moja imeniomba juzi niwasaidie kuanzisha gazeti la sauti na picha. Nimewajibu kwa barua kwamba nitakuja siku watakayoniandikia jina la mwanafunzi atakayeshika nywila. Barua yao ya pili ilinitajia jina la mwalimu. Sijakwenda.

Kijana yule nilikutana naye mnadani mwezi uliopita. Sasa ni baba wa mtoto mmoja. Bado anatunga. Alinighania beti tatu pale tuliposimama, nzuri sana, akaniomba nisizirekodi.