Uhuru wa Mawasiliano Hautashuka kwa Setilaiti

Tangu intaneti ilipozimwa Tanzania tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, nimekuwa nikisikia hoja moja kutoka kwa wanafunzi na hata kwa watumishi wa umma. Wanasema dawa ni setilaiti. Starlink ikiruhusiwa kuingia, wanadai, hakuna atakayeweza kutuzimia tena mawasiliano. Hoja hii inavutia, lakini ni potofu, na inatuondoa kwenye madai yetu ya msingi.

Setilaiti iko angani, lakini huduma yake hutolewa ardhini, na ardhi ina sheria. Kila nchi husimamia masafa ya redio ndani ya mipaka yake, chini ya kanuni za ITU, wakala wa mawasiliano wa Umoja wa Mataifa. Ndiyo maana Starlink ilihitaji vibali kabla ya kuanza huduma Rwanda na Kenya mwaka 2023. Anayepokea leseni hupokea na masharti yake. Siku mdhibiti atakapoamuru huduma izimwe, kampuni ya setilaiti itakuwa na uchaguzi uleule walio nao wenzao wenye minara: itii, au ipoteze leseni.

Wapo wanaopendekeza madishi yaingizwe kimagendo, kama yalivyoingia Iran. Lakini Iran ilipopeleka malalamiko ITU, chombo hicho kilikubali kwamba huduma haipaswi kutolewa pasipo kibali cha nchi. Na hata magendo yakifanikiwa, mamlaka ya kuzima hayafutiki, bali yanahamia kwa mwenye kampuni. Mwaka 2022 Ukraine iliomba huduma ya Starlink iwashwe karibu na Crimea ili ishambulie meli za Urusi. Elon Musk akakataa. Sibishani kama uamuzi wake ulikuwa sahihi. Ninachouliza ni nani aliyemkabidhi mamlaka hayo. Waziri wetu tunaweza kumpeleka mahakamani hapa hapa. Tajiri wa Marekani tutamshtaki wapi?

Swali letu basi ni hili: nani anaweza kuzima, kwa sheria ipi, na kwa muda gani? Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa kufanya mawasiliano na wa kutoingiliwa katika mawasiliano yake. Serikali hujibu kwa neno usalama. Nakubali kwamba wachochezi wapo. Lakini kwa ajili yao tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, tuna polisi na tuna mahakama. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Kuwafungia wote kwa kosa la wachache ni adhabu ya jumla bila hukumu, na humwangukia mfanyabiashara mdogo na mgonjwa asiyeweza kutumiwa pesa ya dawa kwa simu.

Mahakama za Afrika zimekwisha kuonyesha njia. Januari 2019 Mahakama Kuu ya Zimbabwe iliamua kwamba waziri aliyeagiza intaneti izimwe hakuwa na mamlaka hayo kisheria. Mwaka 2020 Mahakama ya ECOWAS iliamua kwamba Togo ilikiuka uhuru wa maoni ilipozima intaneti mwaka 2017. Hakuna kati ya kesi hizo iliyoshindwa kwa dishi juu ya paa.

Ninadai Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 irekebishwe. Huduma isizimwe ila kwa amri ya maandishi ya Mahakama Kuu, inayotaja sababu, eneo na muda, na itangazwe siku hiyohiyo. Kampuni inayopewa agizo la mdomo ilindwe inapolikataa. Masharti hayo yawabane wenye minara, wenye mkongo na wenye setilaiti bila ubaguzi. Yakishawekwa, Starlink na ipewe leseni, maana viko vijiji ambavyo mnara hautafika leo wala kesho.

Watumishi wa umma mnaosoma hapa, ninyi ndio mnaoandika rasimu za kanuni hizi na kupokea maagizo ya simu usiku. Anzeni kwa kudai kila agizo la namna hiyo liandikwe na litiwe saini.