Vantilateri ya umeme haizibi tundu

Upande wetu wa Mambasa neno moja linarudi kwenye mikutano ya komite: kamiyo inachemka, basi tutoe pesa tununue vantilateri ya umeme. Wazo lenyewe si baya, na hapa chini tutasema vantilateri hiyo inafaa wapi. Lakini sisi tunaoandika ukurasa huu hatukubaliani na haraka hii. Tunaomba asamble zenu zisipige kura ya kununua kabla mtu hajajibu swali hili: maji ya radiateri yanaenda wapi?

Kamiyo yenye kuchemka, mara nyingi iko na shida moja kati ya mbili. Ama maji yapo lakini hayapoi vizuri, ama maji yanapotea. Vantilateri, hata ya bei gani, inasaidia ile ya kwanza tu. Kama duriti imepasuka ama pompi ya maji inavuja, vantilateri mpya itapitisha upepo kwenye radiateri tupu. Na moteri yenye kukosa maji haikuonyi sikuzote. Kile kifaa cha kupima joto kinahitaji kuzama ndani ya maji ili kitoe digri za kweli. Maji yakishuka chini yake, mshale mbele ya shofere unaweza kukaa mahali pazuri huku kulasi inaungua.

Mnajua wenyewe barabara yetu. Kutoka Mambasa kwenda Komanda kwa barabara ya taifa namba 4, halafu kupanda Bunia, ama kushuka Beni, kamiyo yenye mzigo inatembea polepole kwenye matope, gia ya kwanza na ya pili, saa nyingi. Ikizimika porini, si shofere peke yake anayelala pale. Kakao yenu iko juu. Kakao iliyokauka vizuri, yenye unyevu wa asilimia 7 ama 8, ikinyeshewa chini ya turubai lenye matundu itaota ukungu, na mnunuzi ataishusha bei ama ataikataa. Na siku ambazo magari yanasafiri kwa msafara wenye kusindikizwa na askari, gari lenye kuharibika msafara haulingojei. Kwa hiyo tundu dogo la duriti si mambo ya fundi tu.

Kwanza tuanze na kitu chenye bei ndogo kuliko vyote: kifuniko cha radiateri. Watu wengi wanakiona kama kifuniko cha sufuria. Sivyo. Kinafunga maji kwa nguvu, mara nyingi bar 0,9, na ile nguvu inafanya maji yasichemke mapema. Bunia iko karibu mita 1 275 juu ya bahari; maji ya wazi pale yanachemka kwenye digri 96 hivi, si 100. Kifuniko kizuri kinayapeleka juu ya digri 110 bila kuchemka. Kama mpira wake umekatika ama risoru imechoka, maji yanachemka mapema na kumwagika kwa kile kipira cha pembeni, shofere anasema radiateri imetoboka, na koperative inaanza kutafuta pesa za vantilateri. Badilisha kifuniko kwanza, chenye namba ileile ya bar, halafu tuongee.

Kama maji bado yanapungua, kutafuta kuvuja ni kazi ya asubuhi, moteri ikiwa baridi kabisa. Haiombi masini kubwa. Osheni moteri, iacheni ikauke, jazeni maji safi, tandikeni makartoni chini ya gari usiku kucha. Asubuhi kartoni litasema upande gani. Halafu fuateni maji yaliyoacha alama: weupe kama chumvi, kutu, ama rangi ya kijani pale penye kutumiwa maji ya dukani. Pitisheni mkono kwenye duriti zote, juu na chini, hasa pale kolie inapobana. Mpira uliolainika ama wenye kuvimba uko karibu kupasuka hata kama leo haujatoa tone. Angalieni chini ya pompi ya maji: kuna kitundu kidogo kilichowekwa makusudi na wenye kutengeneza. Kikianza kutoa maji, jointi ya ndani ya pompi imekwisha. Msikizibe. Kuna wenye kukiziba kwa kijiti na kushangaa pompi ikifia njiani.

Fundi mwenye pompi ya mkono ya kupima radiateri anafanya kazi hiyo vizuri zaidi. Anaifunga mahali pa kifuniko, anapandisha hadi ile namba iliyoandikwa kwenye kifuniko, si zaidi, na anangoja dakika 15. Mshale ukishuka, kuna mahali panatoa. Kama mshale unashuka na hakuna tone nje, hapo tuwe na wasiwasi: ama ni radiateri ndogo ya kupasha joto kabini, na zulia la miguuni litakuwa limelowa, ama maji yanaingia ndani ya moteri. Vuteni fimbo ya kupimia mafuta. Mafuta yenye rangi ya kahawa ya maziwa ni maji ndani ya mafuta. Gari hilo lisiwashwe tena. Mapovu yasiyokoma kwenye mdomo wa radiateri, moteri ikiwa imetoka kuwashwa baridi, ni dalili ya jointi ya kulasi. Hapo tena vantilateri haina kazi yoyote.

Neno moja kali kidogo. Ile tabia ya kutia unga, yai ama sabuni ndani ya radiateri ili tundu lijizibe, iachwe. Inaziba kweli, lakini inaziba na vile vijia vyembamba ambamo maji yanapozwa. Wiki mbili baadaye gari inachemka bila kuvuja, na sasa radiateri nzima ni ya kufunguliwa. Maji ya mto yenye udongo yanafanya vilevile, polepole. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi ni bora, na yale ya dukani yenye dawa ya kuzuia kutu ni bora zaidi, hata kama kwetu hakuna barafu. Yaleyale ya dukani mengi ni matamu na ni sumu: msiyamwage uani penye mbuzi, mbwa na watoto.

Sasa vantilateri yenyewe. Mafundi wenye kuuza wanapenda kusema: toa ile ya zamani yenye kuzungushwa na moteri, weka ya umeme, utapunguza mazutu. Kwa gari dogo la mjini, sawa. Kwa kamiyo yenye tani 5 kwenye matope, hapana. Fanyeni hesabu pamoja nasi. Vantilateri ya volti 24 yenye kula ampere 10 ni wati 240, yaani kama theluthi moja ya nguvu ya farasi mmoja. Ile ya zamani inakula nguvu za farasi kadhaa, na ndiyo sababu inavuta upepo mwingi. Kwenye lami upepo wa mwendo unasaidia. Kwenye gia ya kwanza hakuna upepo wa mwendo. Maoni yetu ni haya: ya zamani ibaki, mkanda wake ukazwe, na lile boma la plastiki linaloizunguka lirudishwe kama liliondolewa, sababu bila hilo upepo unapita pembeni. Ya umeme iongezwe kama msaidizi, mbele ya radiateri, kwa wale wenye kupanda mara kwa mara na radiateri safi isiyovuja. Iko na faida moja ya kweli kwetu: unaweza kuizima kabla ya kuvuka maji. Ile ya mkanda inaendelea kuzunguka ndani ya maji, na mabawa yake yanaweza kupinda na kukata radiateri.

Wakati wa kuifunga, komite isimwachie fundi peke yake. Kamiyo nyingi ni za volti 24, na vantilateri nyingi sokoni ni za gari ndogo, volti 12. Kuna wenye kuchukua umeme kwenye batri moja kati ya mbili. Hiyo inachosha batri moja na kuipa nyingine kupita kiasi, na zote mbili zitakufa mapema. Waya uwe mnene, upitie kwenye rele, na fizibu iwekwe karibu na batri, sababu waya wa vantilateri ukigusa chuma bila fizibu ni moto chini ya kiti cha shofere. Swichi ya joto iwe yenye kuwasha kwenye digri 92 ama 95, isiwe kitufe cha mkono tu ambacho mtu mwenye usingizi atasahau. Kisha mkatae vile vijiti vya plastiki vinavyopita katikati ya radiateri. Kwa mtikisiko wa barabara yetu vinasugua vile vijia vya maji hadi vinatoboka. Mtakuwa mmelipa pesa kununua tundu jipya. Ifungwe kwa vyuma kwenye fremu.

Kuna jambo lingine linalotusumbua kuliko waya. Mara nyingi shofere na konvwayeri wanajua kwamba gari inakunywa maji. Wananyamaza, sababu wanaogopa kukatwa mshahara. Wanabeba bidoni tatu na kujaza kila kilima. Komite inauliza hesabu ya mazutu hadi tone la mwisho, lakini maji hakuna anayeyaandika. Tunapendekeza daftari moja ndani ya kabini: tarehe, kilometa, lita za maji zilizoongezwa. Safari ya kwanza nusu lita, ya pili lita moja, ya tatu lita tatu: huyo si mchawi, ni duriti. Na asamble iandike wazi kwamba shofere mwenye kutangaza kuvuja hatalipishwa, atalipishwa mwenye kuficha.

Kwa koperative zisizo na kamiyo yao, zenye kukodi, haki ya kuuliza mnayo vilevile. Kabla ya kupakia, kabla hamjalipa sehemu ya kwanza, mtu mmoja wa komite ainame chini ya gari na aangalie kama ardhi imelowa, ahesabu bidoni ndani ya kabini, na moteri ikiwa baridi aombe kufungua radiateri. Mwenye gari nzuri hatakasirika. Lakini moteri ikiwa moto, msiguse kile kifuniko, na msikubali mtu amwage maji baridi kwenye moteri yenye kuchemka: kulasi inaweza kupasuka. Ngojeni ipoe, halafu jazeni pole pole, moteri ikizunguka.

Wenye kuamua kununua vantilateri hata hivyo, wekeni sehemu ya mwisho ya malipo hadi fundi apite jaribio hili: awashe gari, ishikwe karatasi mbele ya radiateri vantilateri ikizunguka. Karatasi ivutwe kuelekea radiateri. Ikirushwa nje, waya zimegeuzwa ama mabawa yamegeuzwa, na inapigana na upepo wa safari. Afungue, ageuze, mjaribu tena, ndipo kesiye atoe pesa.